Akae Kwanza, Ndipo Umwambie

Kaka yangu mkubwa hajawahi kupanda hata mtumbwi, lakini siku ya kuniaga alinipa maagizo ya melini kama vile yeye ndiye nahodha. Tulikuwa sebuleni kwake, ukoo mzima, na viti vya kuazima vya msibani vilikuwa bado havijarudishwa kwa wenyewe.

"Ukifika usiropoke," akasema. "Habari ya msiba hairushwi kama maji ya kuoshea vyombo. Mkalishe kwanza. Mwulize kama amekula. Mshike mkono. Akishatulia, ndipo umwambie. Wewe mwenyewe, uso kwa uso, si kwa simu wala kwa kutuma mtu."

"Na akiniuliza kabla hajakaa?"

"Na mdomo wote huo ulio nao, utashindwa na mtoto?"

Watu wakacheka. Ndiyo, hata msibani watu hucheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshasema tangu siku ya kwanza kwamba mtoto aambiwe, nikajibiwa kwamba nina haraka ya kike. Haraka ya kike! Maiti imelala ndani, mwanawe wa pekee yuko hai na ana simu mfukoni, na mwenye haraka ni mimi.

Huyo mtoto ana ndevu, msidhani. Tunamwita Njiti kwa sababu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akalelewa kifuani kwa mama yake kama kifaranga, na jina likamganda. Baba yake, kaka yangu wa kati, alitutoka zamani. Akabaki na mama yake, yaani wifi yangu, na mimi nyumba ya pili, nikitukanana na wifi kutwa nzima kwa mapenzi. Njiti alipokua akapata kazi ya kufua kwenye meli ya watalii, zile kubwa ambazo ukizitazama kutoka bandarini unadhani mtaa mzima umekatwa ukawekwa juu ya maji. Mfanyakazi akishakaa sana anaruhusiwa kuwapandisha ndugu wawili kwa nauli ya chini. Akatukatia tiketi, mama yake, na mimi wa kumshika mkono kwenye ngazi. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo gauni la safari la wifi nililishona mwenyewe. Ndilo alilozikiwa.

Alianguka jikoni asubuhi, na jioni hatukuwa naye. Kaka akakaa na wazee wenzake wakakata shauri: kijana yuko majini, akisikia anaweza kujirusha, asiambiwe. Tumzike mama, kisha shangazi aende na tiketi yake akamweleze huko huko kwa utaratibu. Njiti akaambiwa mama yake amevimba miguu, daktari amemkataza safari. Nami, na mdomo wangu wote huo, nikafunga sanduku nikaenda.

Sasa niwaeleze hiyo meli, maana watu wakiniona wananiambia nimefaidi. Chumba changu kilikuwa cha ndani, hakina dirisha. Mahali pa dirisha wameweka televisheni inayoonyesha bahari. Jamani, uko baharini, unatazama bahari kwenye televisheni! Ukizima hiyo televisheni na taa, huoni hata kidole chako. Usiku wa kwanza nilizima, nikalala chali kwenye giza lile, kuta ziko karibu huku na huku, nikamfikiria wifi alipo. Nikawasha taa, na sikuizima tena safari nzima.

Nje ya chumba kuna korido, na korido yenyewe haina mwisho. Milango sawa, zulia sawa, taa sawa. Nilipotea mara ya kwanza nikatikisa kitasa cha watu, akatoka mzee amejifunga taulo, na aliyeogopa zaidi ni yeye. Ndani ya lifti sakafuni kuna zulia lililoandikwa jina la siku, nalo hubadilishwa kila kukicha, kwa sababu abiria wakishiba wanasahau leo ni lini. Na wanashiba kweli. Mlangoni mwa ukumbi wa chakula vijana wanakupulizia dawa ya mikono huku wakiimba, ukiingia ndani unakuta watu wamejaza sahani hadi zinamwagika, wanaonja, wanaacha, wanarudi kupanga foleni upya. Muziki haunyamazi, mpaka chooni uko. Lakini ukivua viatu ukatulia, unasikia mngurumo kwenye nyayo zako, unatoka chini kabisa. Mwanangu alikuwa huko chini.

Nilimwona siku ya pili. Alinielekeza nimsubiri kwenye ukumbi wa kupumzikia, karibu na mlango usio na namba, ule wanaopita wafanyakazi. Mlango ukafunguka, akatoka Njiti ndani ya sare nyeupe, amekonda mpaka shingo inacheza kwenye kola. Alinishika mikono yote miwili haraka haraka, akaiachia, akatupa jicho kwenye kona ya dari ambako kuna kamera.

"Shangazi! Umenenepa!"

"Kukaa bure. Kaa hapa, mwanangu." Nikapigapiga kiti cha pembeni yangu.

"Siruhusiwi kukaa."

"Nani amekukataza?"

"Sheria ya meli. Viti vya abiria mfanyakazi hakalii. Nimepewa dakika chache tu, na nimesimama hivi hivi."

Nikautazama ukumbi. Viti vilivyokuwa vitupu mle vingekalisha watu wa harusi mbili. Maagizo ya kaka yalikuwa kichwani kama msumari: mkalishe, mwulize, mshike. Huyu hawezi kukaa, na kushikwa anaogopa kamera.

"Umekula?" nikamwuliza, maana hilo angalau liliwezekana.

"Nimekula. Mama anaendeleaje?"

"Miguu tu," nikasema.

Ulimi huu! Ulimi unaojua kumjibu kila mtu sokoni, siku hiyo ulitoa maneno mawili kama kasuku. Njiti akatikisa kichwa, akakunja mikono kifuani, ndipo nikaona alama nyeusi nyeusi kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Akaona naziangalia.

"Pasi ya mashuka hiyo. Si pasi ya mkono, ni mashine. Shuka linaingia huku, linatokea kule, ukichelewa kuutoa mkono inakulamba. Nimezoea." Kisha akainama kidogo, akapunguza sauti. "Shangazi, siku moja kabla hatujarudi bandarini tunaitwa ofisini. Anayetaka kuongeza mkataba anasaini, asiyetaka anashuka na begi lake. Mimi nilishaamua kushuka. Kule chini ni joto, mgongo umekufa, jua naliona kwa kuiba. Lakini mama na miguu ile, usiku anatoka nje kwenda choo cha uani? Akianguka gizani je? Nimebadili nia. Nasaini mkataba mmoja tu, namjengea chumba chenye choo ndani, basi, narudi nyumbani."

Nilihisi kama nimepigwa na ubao. Miguu ile tuliivimbisha sisi. Mimi na kaka na wazee wake tumekaa kwenye makochi tukaivimbisha, na sasa kijana wa watu anaenda kuchomwa mikono mwaka mwingine kwa ajili ya miguu iliyo chini ya udongo.

"Usisaini," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Usisaini mpaka nizungumze nawe. Tafuta mahali pa kukaa."

Mlango usio na namba ukafunguka nusu, nyapara wake akatoa kichwa, akatazama saa yake. Njiti akanyooka kama askari. "Nitatafuta kibali," akasema, akaondoka. Siku hiyo sikula. Na kutokula kwenye meli ile ni kazi ngumu, kila ukigeuka unakabidhiwa keki.

Mtaniuliza, kwa nini sikumwambia pale pale amesimama? Najiuliza mimi pia, hamjanizidi. Lakini fikirini: dakika chache, kamera juu, nyapara mlangoni. Nimwambie mtoto "mama yako amekufa", kisha arudi kwenye mashine inayolamba mikono? Nilisema la, hapa kaka ana haki. Akae.

Siku mbili baadaye akanikuta kwenye ngazi, anakimbia, ana simu mkononi na uso umemchangamka.

"Nimenunua intaneti! Njoo tumpigie mama kwa video, akuone ulivyopendeza."

"Simu yake imepasuka kioo," nikasema.

"Si wiki iliyopita baba mkubwa alisema haina chaji?"

"Haina chaji, na imepasuka. Mama yako na simu huwajui?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema, lakini hawasemi kwamba mfichaji anaweza kujikuta anacheka katikati ya ngazi. Njiti akairudisha simu mfukoni. Niliona furaha ilivyomtoka usoni pole pole.

"Lakini nimepata kibali," akasema. "Kesho mchana unashuka kantini yetu ya chini. Huko tunakaa kama watu. Utaniambia hayo mambo yako."

"Kabla ya kusaini?"

"Kusaini ni keshokutwa. Una nini wewe na kusaini?"

Nikarudi chumbani nimefurahi. Ndiyo, nimesema nimefurahi, kama mtu aliyepata nafasi ya hospitali. Nikapanga maneno. Nikajizoeza mbele ya kioo: mwanangu, kaa. Umekula? Lete mkono wako. Nikachagua hata kitenge cha kuvaa, kisicho na maua mengi.

Jioni hiyo tumbo likanikata. Nilidhani ni hofu. Kufika saa ya chakula nilikuwa nimekumbatia choo, natapika mpaka naona nyota. Si mimi peke yangu. Nilikuwa nawasikia majirani kupitia ukuta, huku na huku, wanatapika kwa zamu kama vyura. Wauguzi wa meli wakaja wamevaa barakoa, wakanipa vidonge na maji ya chumvi, wakabandika karatasi mlangoni. Ugonjwa wa tumbo umeingia melini, mgonjwa haruhusiwi kutoka chumbani mpaka tutie nanga.

"Nina miadi kesho," nikawaambia.

Wakaniambia wagonjwa wote wana miadi.

Asubuhi nikanyanyua simu ya chumbani nikawapigia mapokezi. Lugha ya kwao nilijifunza shuleni, si sana, lakini nikiwa na hasira huwa inakuja. Nikasema nataka kuzungumza na kijana wa dobi, ni mwanangu. Dada wa mapokezi, sauti tamu kama sharubati, akaniambia wafanyakazi hawapigiwi simu wakiwa kazini isipokuwa kwa dharura.

"Ni dharura. Ni msiba."

"Oh, samahani sana. Umetokea lini?"

Nikamwambia ni wiki ya tatu sasa.

"Basi, mama, hiyo si dharura," akasema, kwa utamu ule ule.

Niliirudisha simu nikailalia kwa machozi ya hasira. Mbaya zaidi ni kwamba alisema kweli. Msiba wa wiki tatu si dharura mahali popote duniani, isipokuwa sisi tuliuweka kabatini ukabaki mbichi.

Mchana akaja msichana wa kusafisha vyumba, anaacha trei ya uji mlangoni. Alikuwa wa lugha yetu, na Njiti anamfahamu. Nikamwita, akasimama mbali, barakoa hadi machoni.

"Mwanangu, unamwona Njiti leo?"

"Chakula cha usiku tunakula meza moja, mama."

Maneno yalikuwa mdomoni. Mwambie mama yake amefariki. Ni maneno machache, angeyabeba bila shida. Lakini nikamtazama yule binti na ndoo yake, nikafikiria meza yao, kelele, watu wanatafuna, na mtoto wa watu anamtupia mwenzake msiba katikati ya sahani. Wala kwa kutuma mtu, alisema kaka. Nikashindwa.

"Mwambie shangazi yake amesema asisaini," nikasema. "Mwambie namwomba kwa magoti. Asisaini mpaka anione."

"Asisaini mpaka akuone," akarudia vizuri kabisa, akaenda.

Usiku huo sikulala, na kesho yake nikakaa kitandani nimevaa kile kitenge, nasikiliza korido. Tangazo likatoka kwenye spika, nahodha anatutakia heri, kesho asubuhi tunafika. Mchana mlango ukagongwa. Nikafungua, nikaona mtu amevaa vazi la karatasi jeupe mwili mzima, miwani ya plastiki, barakoa, glavu hadi kwenye viwiko, na mkononi mafungu ya mifuko myekundu.

"Shangazi, ni mimi. Usitoke, simama hapo hapo."

"Njiti!"

"Wafuaji tumeitwa tukusanye mashuka ya wagonjwa, kila mtu anaikimbia korido hii. Nikasema naichukua mimi. Nimekuona, roho imetulia. Unapata nafuu?"

"Umesaini?"

Macho yakacheka nyuma ya miwani. "Nilijua utaanza na hilo. Ujumbe wako niliupata. Nikajua ni huruma zako tu, umeiona mikono yangu ukaogopa. Nimesaini asubuhi, shangazi. Mkataba mmoja, nimeshakwambia."

"Nenda kafute."

"Haufutwi. Majina yameshapelekwa, na wa kushuka wameshapangwa. Usiniharibie furaha bwana."

Nikashika fremu ya mlango. Hapo ndipo nilipojua sina tena njia nzuri. Nikimwambia, namwacha mle chini na kilio chake, hana wa kumfuta machozi, mwaka mzima. Nisipomwambia, atafua mashuka ya watu mwaka mzima kwa ajili ya maiti, na kila akipiga simu tutamwambia imepasuka kioo. Nikasema moyoni, nyamaza basi, mwanamke, kwa mara ya kwanza maishani mwako nyamaza.

"Nisaidie kitu kimoja," akasema, huku akisukuma mashuka yangu ndani ya mfuko. "Fundi wa ujenzi ananiuliza. Mlango wa choo uwe upande wa kichwani kwa kitanda au wa miguuni? Wewe unajua mama anavyolala."

Nilifungua mdomo nimjibu. Haki ya Mungu, nilitaka kumjibu. Wifi alilala kwa ubavu wa kulia, uso ukutani, nilijua kabisa mlango ungekaa wapi.

"Njiti," nikasema, "mama yako amekufa."

Akaendelea kusukuma shuka. Kisha mkono ukasimama.

"Nani?"

"Mama yako. Alianguka jikoni. Tumezika. Kabla sijaja."

Aliinuka. Aliunyoosha mkono kuelekea kwangu, akaiona glavu, akaushusha. Mimi nikatoka hatua moja, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili.

"Usinisogelee, nina uchafu wa watu," akasema.

Nilisimama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyoniogopesha.

"Ile siku niliyopiga," akasema. "Simu ulipokea wewe. Ukasema anaoga."

"Ndiyo."

"Nikasema nasubiri."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mlikuwa mnamwosha."

Sikukataa. Wanawake walikuwa wamemwinamia, simu inalia, mkono wangu mmoja una povu, na nilisema neno la kwanza lililokuja.

"Nilisubiri mpaka simu ikakatika," akasema. "Nikafurahi kwamba anaoga mwenyewe."

Nyapara akapaza sauti kutoka mwisho wa korido, kwa lugha yao, kwamba saa zinakwenda. Njiti akapiga goti, akaukaza mfuko, akaufunga fundo, kisha fundo la pili juu yake kama walivyofundishwa. Mafundo yalikuwa mazuri. Akauweka kwenye toroli.

"Funga mlango, shangazi," akasema. "Hewa ya huku nje si nzuri."

Sikufunga. Akasukuma toroli hadi mlango wa jirani, akanyoosha mgongo, akabisha mara mbili. Mlango ulipofunguka nikasikia sauti nyingine kabisa, changamfu, ile ya kazi.

"Habari za mchana, bwana na bibi. Nimekuja kuchukua mashuka. Poleni sana kwa yaliyowapata, poleni sana."

Nami nimesimama pale na kitenge changu, ndipo nikakumbuka kwamba sikumpa pole.